Radi ambayo haijarushwa: Wagiriki walivyomchora Zeus

Habari za mchana jamani. Nyie mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo, picha za leo zina vitu vidogo vidogo na hii projekta yetu mnaijua wenyewe. Haya.

Nimeombwa niongee kuhusu kuchora nguvu. Wengi hapa mnachora komiki, wengine mnafanya animesheni, kuna wawili watatu wanachonga, na kazi zenu nimezipitia kabla ya kuja, nzuri kabisa, mikono mnayo, ila kuna ugonjwa mmoja nimeukuta karibu kwenye kila kazi. Mkitaka kuonyesha mtu ana nguvu mnamjazia misuli, macho yanawaka moto, umeme unatoka kwenye vidole, ardhi imepasuka, nywele zimesimama, yaani kila kitu kinapiga kelele kwa mpigo mmoja na mtazamaji anachoka kabla hata hajajua stori inahusu nini. Sasa nimewaletea mzee mmoja ambaye kama kuna mtu ana haki ya kuchorwa hivyo basi ni yeye: Zeus, mungu wa radi wa Wagiriki wa kale. Na tuone wale waliomwabudu kweli, waliokuwa wanamwogopa kweli mvua ikianza, wao walimchora vipi.

Na msiniambie hamumjui. Waliosoma Biblia wanamkumbuka kwenye Matendo ya Mitume sura ya 14, pale Listra, Paulo anamponya kiwete, watu wanapagawa wanasema miungu wametushukia kwa sura za binadamu, Barnaba wakamwita Zeu na Paulo wakamwita Herme, hadi kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua atoe dhabihu. Sasa angalieni walivyogawa vyeo. Paulo ndo alikuwa msemaji, ndo aliyefanya muujiza mbele ya watu, akapewa umungu wa mtume mpeleka habari. Barnaba, ambaye kwenye stori ile hatumsikii akisema chochote mpaka hapo, ndo akapewa ukubwa wote. Watu wa kawaida wa mji mdogo, wala si wasomi, walijua tu kwamba kati ya wawili hawa mkubwa ni yule aliyenyamaza. Hilo liwekeni akilini, maana ndo hotuba yangu nzima.

Stori ya kuzaliwa kwake naipitisha haraka, wengi mmeiona kwenye gemu. Kronos, baba yake, alitabiriwa kupinduliwa na mwanawe, akawa anawameza watoto wakitoka tu, Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, wote tumboni, ilipofika zamu ya Zeus mama yao Rhea akamficha Krete na baba akapewa jiwe limeviringwa nguo za mtoto, akalimeza hata bila kuangalia. Zeus akakua, ndugu zake wakatapikwa, vita dhidi ya Watitani vikapigwa miaka kumi. Sawa. Ninapotaka msimame ni hapa: radi haikuwa yake. Watu wanadhani alizaliwa nayo. Mshairi Hesiod, aliyeishi karibu na mwaka 700 KK, anasema iliundwa na majitu matatu yenye jicho moja katikati ya paji la uso, Brontes, Steropes na Arges, walikuwa wamefungwa huko chini, Zeus akawafungulia, na wao kwa shukrani wakampa ngurumo na radi na mwanga wake, vitu ambavyo Ardhi ilikuwa imevificha. Na mshairi anaongeza kwamba hivyo ndo anavyovitegemea kutawala. Kwa hiyo bosi wa mbingu anatembea na silaha ya kupewa, ina mafundi, ina deni la shukrani nyuma yake, na ukisoma masimulizi mengine kuna siku lile dubwana Typhon lilimkaba likamkata mishipa ya mikono na miguu likaificha pangoni ndani ya ngozi ya dubu, mkuu wa miungu kalala chini kama gunia mpaka Hermes na mwenzake wakaenda kuiiba mishipa na kumrudishia. Mhusika ambaye hawezi kudhurika hana stori, hata Wagiriki walilijua hilo.

Sasa sikilizeni Hesiod anavyoeleza radi ikipiga. Haelezi mkono wa Zeus wala mbavu zake. Anaeleza msitu unavyolia ukiungua, bahari inavyochemka, na Watitani, ambao ni mijitu yenye nguvu za kutisha, macho yao yanavyopofuka kwa ule mwanga. Halafu akifika kwa Typhon anaweka kitu ambacho mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu kwanza: anasema ardhi iliyeyuka kama bati linavyoyeyuka mafundi wakilipasha kwenye vyungu vyao. Yaani katikati ya vita vya mbinguni anakupeleka karakana, kwenye kitu ambacho msikilizaji wake amekiona jana kwa jirani yake. Na chini kabisa, Hades anatetemeka, na Watitani waliokwisha kushindwa na kufungiwa kuzimu nao wanatetemeka, watu ambao vita haviwahusu tena!

Homer anakwenda mbali zaidi, yeye radi yenyewe hata haihitaji. Kwenye utenzi wake wa vita vya Troy, mwanzoni tu, Thetis, mungu wa bahari, mama yake shujaa Achilles, anakuja kumwomba Zeus jambo, ameshika magoti yake, na Zeus anakaa kimya muda mrefu, anajua mkewe Hera ataleta ugomvi. Mwishowe anakubali, na kukubali kwenyewe ni kushusha nyusi zake nyeusi na kutikisa kichwa, nywele zikaanguka mbele, na mlima Olympus wote ukatikisika. Basi. Akaenda kwake, na miungu wote wakasimama kwenye viti vyao, hakuna hata mmoja aliyethubutu kumsubiri amekaa. Nyie si mmesoma shule za kelele, mnajua mwalimu mkuu akitokea mlangoni huna haja ya kugeuka kumwangalia, unaangalia migongo ya wenzako tu. Ndo hicho.

Halafu kuna jambo dogo kwa sisi tulioko huku, linanifurahisha kila mara. Thetis alivyotaka kwenda kumwona Zeus ilibidi asubiri, kwa sababu Zeus hakuwepo, alikuwa amekwenda karamuni kwa Waethiopia kule ukingoni mwa Okeanos, ule mto waliosema unaizunguka dunia, watu wasio na lawama anasema Homer, na miungu wote wamefuatana naye, atarudi siku ya kumi na mbili. Vita vya Troy vinaungua huko na mzee yuko Afrika anakula. Na baadaye Wagiriki wakamuunganisha na mungu Amun wa Misri, wakamwita Zeus Ammon, hekalu lake kule Siwa jangwani mfalme Alexander Mkuu alikwenda kulitembelea mwaka 331 KK, na kwenye sarafu zilizotolewa baada ya kufa kwake Alexander anaonekana ana pembe za kondoo dume zimejikunja sikioni. Nguvu ya mungu imepunguzwa ikawa pembe moja ndogo kwenye sarafu unayoweza kuimeza, na kila mtu aliielewa.

Turudi kwa Homer kidogo maana kuna upande wa pili ambao wachoraji wengi wanausahau. Huyuhuyu Zeus anawatambia wenzake, anasema teremsheni mnyororo wa dhahabu kutoka mbinguni mshike wote mnivute, hamniwezi, mimi nikivuta nawapandisha nyie pamoja na ardhi na bahari nawaning'iniza kwenye kilele cha Olympus. Lakini mwanawe Sarpedon anapokaribia kufa vitani anatamani amwokoe, Hera anamwambia ukifanya hivyo kila mungu naye atataka kumtoa wa kwake, na Zeus ananyamaza, anadondosha mvua ya matone ya damu juu ya ardhi kwa heshima ya mtoto. Mwenye radi ameshindwa na utaratibu. Hiyo fremu ya matone mekundu yakiangukia udongo na askari wanashangaa wanaangalia juu, kama hamjawahi kuichora mnasubiri nini.

Haya, picha sasa. Kwanza silaha yenyewe. Nyie wote mnachora radi zigizaga, kama alama ya hatari kwenye nguzo ya umeme. Wagiriki hawakuichora hivyo. Walichora kitu cha kushika mkononi, katikati kimebana, huku na huku kinafunguka kama maua mawili ambayo hayajachanua, wakati mwingine kina mabawa. Staili hiyo ina ukoo na miungu ya mvua ya Mashariki ya Karibu, waliokuwa wameshika umeme wenye makali kama uma. Faida yake kwa mchoraji ni kubwa: kitu kina uzito, kina pa kushika, kinaweza kuwekwa mezani. Zigizaga huwezi kuiweka mezani.

Angalieni huu mtungi wa maji, uko Munich, umri wake ni wa miaka ya 540 hadi 530 KK. Zeus anatoka kushoto mbio, radi imenyanyuliwa juu ya kichwa, mbele yake Typhon, juu binadamu mwenye ndevu na mabawa, chini mikia miwili ya nyoka imejisokota. Ni nzuri, siibezi, lakini hii ndo staili yenu, kila mtu anafanya kazi kwa nguvu zote. Mapema zaidi, kwenye hekalu la Artemis kule Corfu, karibu mwaka 580 KK, Zeus na radi yake kasukumwa huko kwenye kona ya paa anapigana na jitu, katikati amepewa Gorgon, dubwana la kike, mwenye ulimi nje. Ndo mjue hata mungu mkuu anaweza kukosa nafasi kwenye kompozisheni.

Sasa huyu. Huyu naomba tukae naye. Sanamu ya shaba, mita 2.09, ya karibu mwaka 460 KK, ilikutwa chini ya bahari karibu na rasi ya Artemision huko kaskazini mwa kisiwa cha Euboea, mwaka 1926 mkono, mwaka 1928 mwili, ilikuwa imezama na meli. Leo iko makumbusho ya taifa Athens. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma na kisigino kimenyanyuka, mkono wa kushoto umenyooka unalenga, wa kulia umerudi nyuma na ulikuwa umeshika kitu, kitu hicho kimepotea. Watu wanabishana mpaka leo, ni Zeus na radi au Poseidon na mkuki wake wa meno matatu. Mimi niko upande wa Zeus, na sababu yangu ni ya fundi tu: weka ule mkuki mrefu pale mkononi, unakatiza usoni, na hakuna mchongaji aliyefikia kiwango hiki atakayejizibia uso aliouhangaikia. Tena kuna Zeus mwingine mdogo wa shaba kutoka Dodona, yuko Berlin, wa karibu miaka hiyohiyo, pozi ni hilohilo na radi bado iko mkononi.

Lakini ishu siyo jina. Mwangalieni uso. Mwili mzima umevutwa kama unataka kukatika na uso umetulia, hakuna meno, hakuna kukunja pua, mdomo umefunguka kidogo tu. Na hajarusha. Mchongaji alikuwa na uwezo wa kuchagua sekunde yoyote, akachagua ile ya kabla. Ukisimama mbele ya mkono wa kushoto, unapolenga, unajikuta unasogea pembeni mwenyewe. Angekuwa ameshatupa, kazi imeisha, tungebaki tunaangalia mwanaume aliye uchi amenyoosha mkono.

Na mtu aliyelifikisha jambo hili mwisho wake ni mchongaji Phidias. Hekalu la Zeus pale Olympia lilikamilika karibu mwaka 456 KK, na kwenye miaka ya 430 hivi Phidias akaweka ndani sanamu ya mita kama 12, amekaa kitini, ngozi ya pembe za ndovu, joho na viatu vya dhahabu, kiti cha enzi kimepambwa kwa dhahabu na mawe na pembe na mti mweusi wa ebony. Ugiriki hakuna tembo, kwa hiyo mnaweza kujiuliza pembe zile zilisafiri kutoka wapi. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeiona kwa macho yake, anaorodhesha kila kitu: shada la mzeituni kichwani, mkono wa kulia ameshika Nike, mungu wa ushindi, mkono wa kushoto fimbo ya kifalme yenye tai juu yake. Mmesikia radi hapo? Haipo. Sanamu maarufu kuliko zote za mungu wa radi, moja ya maajabu saba, na mikononi hana radi.

Strabo, mwandishi wa jiografia wa kale, anasema Phidias alipoulizwa na Panaenus, mchoraji aliyeshirikiana naye, atamchonga Zeus kwa mfano gani, alijibu kwa kutaja ile mistari ya Homer, ya nyusi na Olympus kutikisika. Strabo huyohuyo analalamika kwamba vipimo vimekosewa, kichwa kinakaribia kugusa paa na akisimama ataling'oa paa zima. Mimi naona hilo ndo wazo lenyewe. Mgeni anaingia, macho yanazoea giza, anagundua kwamba yule pale amekaa, na anafanya hesabu mwenyewe kichwani ya nini kitatokea akiamua kusimama. Hiyo hesabu ndo nguvu. Sakafu ya mbele ilikuwa ya mawe meusi yenye ukingo, na humo mlijaa mafuta ya zeituni, Pausanias anasema yalikuwa ya kulinda pembe zisiharibiwe na unyevu wa pale Olympia. Halafu anasimulia kwamba kazi ilipokwisha Phidias aliomba ishara kama Zeus ameipenda, na radi ikapiga hapohapo sakafuni, wakaweka mtungi wa shaba kuonyesha mahali. Kwa hiyo radi ilikuwepo hekaluni, ila siyo mkononi mwa mtu, ilikuwa ni doa sakafuni lililofunikwa na mtungi. Hata nje ya mahekalu walifanya hivyo, sehemu iliyopigwa na radi walikuwa wanaizungushia uzio, haikanyagwi, inakuwa ya Zeus Mshukaji. Kipande cha ardhi tupu na uzio. Mchonge hicho kama mnaweza.

Karakana ya Phidias imechimbwa miaka ya 1950, wamekuta kalibu za udongo na hata kikombe kimeandikwa kwamba ni cha Phidias. Sanamu yenyewe haipo, inasemekana ilipelekwa Constantinople ikaungua mwaka 475 BK. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ana stori kwamba Kaisari Caligula aliamuru iletwe Roma, akate kichwa aweke chake, sanamu ikacheka kwa sauti kubwa mpaka jukwaa la mafundi likaporomoka na wao wakatimua mbio. Kweli au uongo, aliyeitunga alikuwa na jicho, maana hakumfanya Zeus anyanyuke wala arushe chochote.

Ila tusiwe washamba wa kusifia tu. Lucian, mcheshi wa karne ya 2 BK, anasema ukiinama ukachungulia ndani ya hayo masanamu makubwa ya dhahabu na pembe, nje Zeus mzuri ameshika radi, ndani ni mabanzi, misumari, kabari, lami, udongo, na panya wamejenga humo. Mahali pengine anamsimanga Zeus kwamba wezi wamekuja Olympia wakamnyoa nywele zake za dhahabu na yeye mwenye ngurumo akashindwa hata kuwaamsha mbwa. Nacheka kila nikisoma. Wenyewe walijua kwamba utisho ule ni kazi ya seremala.

Mtaniuliza, ina maana kelele ni marufuku? Hapana. Nendeni Pergamon, mji wa kale kwenye Uturuki ya leo, madhabahu ya karne ya 2 KK, ukuta wa picha za kuchonga mita 113, miungu na majitu wanapigana, leo sehemu kubwa iko Berlin. Pale Zeus anapigana na majitu matatu kwa mpigo, joho linaruka, misuli kila mahali, jitu moja limekaa chini na radi imekita pajani inawaka. Kelele tupu, na inafanya kazi. Kwa nini? Zeus mwenyewe kichwa hakipo, kimevunjika, na bado ukiangalia huoni pengo, kwa sababu stori haiko usoni kwake, iko kwenye lile paja. Na pembeni yake, sehemu ya mungu Athena, kuna mwanamke ametoka ardhini nusu mwili, ni Ge, Ardhi, mama wa hayo majitu, ameinua uso anaomba wanawe waachwe. Katika mita zote 113 mimi nasimama pale. Mama mmoja tu anaombea wanawe, lakini ndo anakuonyesha ukubwa wa kinachowapiga.

Waliokuja baadaye wakakosea. Mmarekani Horatio Greenough alichonga sanamu ya George Washington iliyofika jijini Washington mwaka 1841, akamkalisha kwa pozi la Zeus wa Phidias, kifua wazi, kandambili za kale miguuni, mkono juu. Watu wakacheka, wakasema mzee anatafuta nguo zake. Aliazima kiti na kifua, hakuazima ile hesabu ya kichwani mwa mgeni. Na Gustave Moreau mwaka 1895 akamchora Zeus na Semele, mchoro uko Paris, umejaa maua, vito, mabawa, viumbe mpaka kwenye kona, unaweza kukaa saa nzima unahesabu. Umeremetaji wake naupenda, woga sikuupata.

Na Semele ndo kazi yenu ya leo. Mnaijua stori: binti wa Thebes, Zeus anakuja kwake kwa siri, Hera anajigeuza kikongwe anamtia wasiwasi kwamba huyo bwana atakuwa tapeli, mwambie aje kwako kama anavyokuja kwa mkewe. Semele anamwapisha kwanza ndo anataja ombi, Zeus kiapo kimemfunga. Mshairi Ovid anasema alijitahidi kupunguza, akachagua radi nyepesi, ile yenye moto kidogo, na bado binti aliungua, mtoto tu ndo akaokolewa tumboni, akashonewa kwenye paja la baba mpaka atimize miezi, ndo Dionysus huyo.

Mtamchora Zeus usiku ule. Sharti ni moja, Zeus mwenyewe asionekane kwenye karatasi, wala kivuli chake, wala zigizaga. Chora kitasa, chora mbwa wa jirani, chora kikongwe Hera yuko njiani anarudi, utajua mwenyewe. Karatasi ziko kwenye ile meza ya dirishani, mkaa mgawane maana hautoshi, mnazo dakika arobaini halafu tunabandika zote ukutani na kila mtu anasema anaogopa ipi.